Wasomaji Wanauliza: Utaratibu wa watoto kisiwani huvunjika lini?

SWALI: Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wa sekondari wamesoma kwa Kifaransa riwaya ya William Golding, Sa Majesté des mouches, ambamo wavulana Waingereza waliobaki kisiwani bila mtu mzima wanaishia kuuana. Wanashikilia kwamba mtoto akiachwa peke yake hugeuka mnyama. Je, ni kweli? Na utaratibu wao unavunjika wapi hasa? — Mwalimu, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mwalimu, wengi watakutajia kifo cha Simon, mmoja wa wavulana hao, anayeuawa gizani katikati ya ngoma ya wawindaji. Mimi naona ufa mapema zaidi, ufukweni, pale Roger, mmoja wa wavulana wakubwa, anapomrushia mawe Henry, mtoto mdogo anayecheza, huku akimkosa kwa makusudi, kwa sababu wazazi, walimu, polisi na sheria, ingawa wako mbali, bado wanauzuia mkono wake. Hakuna anayemkemea, Jack, kiongozi wa wawindaji, anamwita tu aje kuona rangi za kujipaka usoni, na nyuma ya rangi hizo aibu inapotea. Baadaye ni Roger huyohuyo anayeporomosha mwamba unaomuua mwenzao Piggy na kulivunjavunja kombe la baharini walilokuwa wakipokezana mkutanoni ili kila mmoja apate zamu ya kusema.

Hofu nayo ilifanya kazi yake. Wadogo walilia usiku kwa kumwogopa mnyama waliyedhani yuko kisiwani, mkutano ukashindwa kuwatuliza, na Jack akawaahidi nyama na ulinzi.

Hata hivyo, siwezi kukubaliana na wanafunzi wako. Golding alipigana Vita Kuu ya Pili katika jeshi la majini, kisha akafundisha wavulana mjini Salisbury, na katika kitabu chake cha 1954 watoto hao wanakimbizwa kutoka vita vya watu wazima, na anayewaokoa ni ofisa wa meli ya kivita. Sisi wa Kivu tunajua vizuri ni nani humkabidhi mtoto bunduki. Tena, mwaka 1965 wanafunzi sita wa Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, walipotelea kisiwa cha 'Ata, kisichokuwa na watu, wakaishi huko zaidi ya mwaka mmoja: walilinda moto usizimike, walilima bustani, waliogombana walitengana hadi hasira ipoe, na mmoja alipovunjika mguu wenzake walimfunga na kumtunza mpaka akapona. Ni kweli kwamba hao walikuwa marafiki tangu shuleni, na tofauti hiyo si ndogo. Waombe wanafunzi wako waijadili, wakianzia kwenye ukurasa wa Roger na Henry.