Namba za simu zimegeuka 0, 1, 2: kuunganisha arei katika PHP

SWALI: Nina mafaili 200 ya wateja, kila moja lina watu 500. Kila faili nalisoma kuwa arei (orodha ya funguo na thamani zake) katika lugha ya programu PHP. Ufunguo ni namba ya simu, mfano 255700000000. Thamani ni jina na salio. Ndani ya kitanzi cha foreach, baada ya kusoma kila faili, naandika $yote = array_merge($yote, $faili). Programu inakwenda polepole mno, na mwishoni namba za simu hazipo, funguo zimekuwa 0, 1, 2 na kuendelea. Nimekosea wapi?

JIBU: Tuanze na namba, maana hapo unapoteza data. Ufunguo ukiwa tarakimu tupu, hata uuweke ndani ya alama za nukuu, PHP huugeuza kuwa namba kamili. Nayo array_merge huzipanga upya funguo za namba kuanzia 0. Ungetumia 0700000000 au +255700000000 zingesalimika, kwa kuwa sifuri ya mbele na alama ya kujumlisha huufanya ufunguo ubaki maandishi. Ndiyo maana kosa hili hupita kwenye majaribio, likaibuka siku namba zinapobadilishwa ziwe za 255. Tena mteja aliyemo katika mafaili mawili sasa anahesabiwa mara mbili.

Kuhusu kasi: kila array_merge hujenga arei mpya na kunakili yote uliyokwisha kukusanya. 500, kisha 1,000, kisha 1,500, hadi 100,000. Jumla ni nakala 10,050,000 kwa wateja 100,000!

Andika hivi:

foreach ($faili as $namba => $mteja) {
    $yote[$namba] = $mteja;
}

Hapa taarifa ya mwisho ndiyo inayobaki. Ukitaka ya kwanza ibaki, $yote += $faili inatosha. Njia zote mbili huongeza palepale bila kunakili upya.

Kama arei zote zimeshapakiwa ndani ya $mafungu, ziunganishe kwa mkupuo mmoja nje ya kitanzi:

$yote = array_replace([], ...array_values($mafungu));

array_values usiiache. Tangu PHP 8.0, ikiwa $mafungu ina majina ya mafaili kama funguo, majina hayo huchukuliwa kuwa majina ya vigezo na array_replace huyakataa. Wala [...$a, ...$b] haikusaidii, nayo huanza namba upya.

Unapozisoma funguo baadaye, andika (string)$namba kabla ya kulinganisha kwa === (inayotaka hata aina ya data ifanane), la sivyo hazitalingana na namba zilizotoka kwenye fomu, ambazo ni maandishi.