Jibu: Maabara ya chuo haitoshi, modulesheni (kupakia sauti au data kwenye wimbi la redio) nitaielewaje?

Mkuu umesema mashine ya kupimia spektra (inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) ni moja na darasa zima mnapanga foleni. Tafuta kidude cha RTL-SDR (kipokezi kidogo cha mawimbi ya redio), unakichomeka USB ya laptop, kinashika kuanzia kama MHz 24 mpaka 1700 hivi, halafu weka GNU Radio, programu ya kuchakata mawimbi hayo, ni ya bure kabisa. Anza na redio za FM, MHz 88 hadi 108, utaona kila stesheni imetanuka kama kHz 200 na mtangazaji akinyamaza tu inasinyaa hapo hapo kwenye skrini, yaani ile kHz 75 ya kwenye notsi (kiwango cha juu ambacho masafa yanayumba kila upande kufuata sauti) unaiona kwa macho yako. Kisha jenga demoduleta (ya kutoa sauti kwenye wimbi) mwenyewe, usikopi. Kurusha mawimbi bila leseni usijaribu, we sikiliza tu. Fiba (nyaya za kioo zinazopitisha mwanga) ndo omba fildi, mafunzo ya vitendo kazini, kuunga nyuzi kunataka mkono.