Kuandaa Form Six kwenda chuo kwa kujitolea: ratiba ya masomo ni jambo la tatu

Mleta mada, umesema una ukumbi wa bure Mbagala kila Jumamosi, vijana 12 wa vyuo waliokubali kujitolea, na wanafunzi kama 40 wa shule za kutwa wanaoingia Form Six. Umeuliza ratiba ya vipindi iweje. Ratiba ni jambo la tatu, mkuu. Mbele yake kuna kuchagua masomo na kuna makaratasi, na kwenye makaratasi ndiko wanakokwama hata waliofaulu vizuri.

Usibebe kombi zote, yaani michepuo ya masomo matatu matatu (kila herufi ni somo). Ukitaka PCM, PCB, EGM, HGL na HKL kwa walimu 12, kila somo litaishia kuwa na mtu mmoja, na akiingia kwenye UE (mitihani ya chuo chake) somo limekufa. Chukua masomo mawili yanayokutana kwenye kombi nyingi. History na Geography zinakupa HGL, HGK na HGE kwa mpigo. Chemistry na Biology zinakupa PCB na CBG. Mawili sikuyataja kwa kubahatisha: kigezo cha chini cha TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa digrii ni principal mbili, yaani ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, kwenye masomo yanayotakiwa na kozi husika. Hapo A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1.

Hapa hata walimu huchanganyikiwa, maana pointi za divisheni za NECTA (baraza la mitihani) zinakwenda kinyume: A ni 1, D ni 4, E ni 5, na S, ambayo si principal, ni 6. Mwenye D, D, S ana 14, Division Three. Mwenye D, E, E naye ana 14, Division Three ile ile. Wa kwanza ana pointi 4 za TCU na anaomba digrii. Wa pili, kwa masomo yake mawili bora, ana 3, mlango umefungwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayeelea kwenye E tatu msimgawanyie nguvu sawasawa. Masomo mawili ya kozi anayoitaka yafike D kwanza, la tatu lifuate. Wanaotaka udaktari hawamo kwenye hesabu hii, wao Physics, Chemistry na Biology zote zinatazamwa. Na pointi 4 zinakupa haki ya kuomba tu. Kozi zinazogombaniwa zinataka zaidi.

Kufundisha sasa. Msirudie mada ubaoni. Wameshafundishwa, au wamekremu, na kijana wa mwaka wa pili akishika chaki anapenda kujisikia lekchara. Wanachokosa ni mtu wa kusoma walichoandika. NECTA huweka kwenye tovuti yake, bure, ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikiwa na vipande vya majibu mazuri na mabaya. Tungeni kazi zenu kutoka humo.

Kikao kianze saa 3 asubuhi, kiishe saa 6 na nusu, kabla suala la chakula halijaibuka. Pepa ya saa 3 yenye maswali 5 ya kujibu inampa mtahiniwa dakika 36 kwa swali, basi msimpe dakika 37. Swali la kwanza lijadiliwe kwa Kiswahili dakika 20, waelewe linataka nini, kisha waandike kwa Kiingereza kimya. Wengi wao hoja wanazo. Utakuta hoja sita zimepangwa vizuri, kila moja mstari mmoja, hakuna maelezo wala mfano, kwa sababu sentensi ya pili ya Kiingereza imegoma. Msahihishaji aandike pembeni "kwa vipi?" au "mfano wa wapi?", amrudishie aongeze sentensi mbili pale pale. Maksi bila maoni hazimsaidii.

Piga hesabu ya kusahihisha kabla hujaahidi. Wanafunzi 40, maswali 2, dakika 10 kila jibu, ni dakika 800. Walimu wote 12 wakija, kila mmoja ana saa moja na kidogo. Wakija saba, ambayo ndiyo hali halisi ya Jumamosi yenye mvua na foleni ya Kilwa Road, kila mmoja ana karibu saa mbili, na karatasi zitaanza kulala kwenye mabegi. Punguza liwe swali moja kuliko kurudisha kazi baada ya wiki tatu. Nauli za walimu zitafutie mfadhili mapema kuliko fulana za programu. Wasipewe wanafunzi wa kukutana nao peke yao, wala kuchati nao faragha. Kila darasa watu wazima wawili, na barua ya mzazi iwe kwenye faili.

Makaratasi yaanze Januari, si baada ya mtihani wa Mei. Siku moja kila mwanafunzi alete cheti cha kuzaliwa na cha Form Four, viwekwe sambamba, jina lisomwe herufi kwa herufi. Kimoja Mwanahamisi, kingine Mwanaamisi: hiyo ni safari ya RITA (wakala wa vizazi na vifo) au ya wakili, na haimaliziki wiki moja. Mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi. Fomu inapita serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, na mdhamini awe na kitambulisho. Mdhamini apatikane mapema, wajomba hupotea dirisha la maombi likifunguliwa.

Namba ya simu na barua pepe ziwe za mwanafunzi mwenyewe, si za kijana wa stationery anayemjazia. Akichaguliwa vyuo viwili atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa code (tarakimu za siri) inayotumwa kwenye namba hiyo ya simu, na kijana wa stationery atakuwa ameshabadilisha laini. Wengi wakati huo wako kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kwa hiyo nywila ziandikwe daftarini, daftari lishikwe na mzazi anayejua linahusu nini.

Wiki matokeo yanapotoka Julai, fungua ukumbi siku za kazi jioni. Wenye pointi 4 na zaidi wakae na mwongozo wa TCU wa mwaka huo, kozi kwa kozi. Aliyekosa aelekezwe diploma siku hiyo hiyo: akimaliza na GPA ya 3.0 anaruhusiwa kuomba digrii, lakini nafasi za diploma nazo zina madirisha yake na hazimsubiri anayelia nyumbani hadi Septemba.