Binti Yangu Alikaa Siku Saba Bila Choo

Alikuwa na wiki saba. Kabla ya hapo alichafua nepi karibu kila anaponyonya: choo cha njano, chepesi, chenye chembechembe. Mara kimya, hadi siku ya tano. Usiku silali, nampapasa tumbo kila anapojinyonganyonga. Mama mkwe, aliyelea watoto sita, alikuwa ameshachonga kijiti cha sabuni ya mche ili amtie njia ya haja.

Nilimwomba anipe muda nifike kliniki. Nesi aliniuliza: ananyonya? Anatapika? Jana amekojoa nepi ngapi? Nikahesabu, zilikuwa saba. Akambonyeza tumbo, laini. Akampima, uzito umepanda. "Huyu hajafunga choo, mama. Endelea kumnyonyesha." Siku ya saba, alfajiri, kikaja kingi mpaka mgongoni, na kilikuwa laini vilevile.

Kuanzia kama wiki ya sita, mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa hata wiki bila choo, maana maziwa hayo huyeyuka mwilini karibu yote na mabaki ni machache. Kwa hiyo mama mwenzangu, tazama choo kilivyo kuliko kuhesabu siku. Aliyefunga choo hutoa vigololi vikavu kama vya mbuzi, hata kama anatoa kila siku. Na ukimwona anajikamua, uso mwekundu, analia, kisha kinatoka laini, bado anajifunza kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja.

Ile sabuni naomba tuiache. Inaunguza na kuchubua ngozi laini ya ndani. Asali nayo ni hatari kabla ya mwaka 1, inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli. Maji kabla ya miezi 6 humjaza tumbo, akapunguza kunyonya. Mimi nilimlaza chali nikamkunja miguu taratibu kama anaendesha baiskeli, nikamkanda tumbo kwa kuzungusha kiganja. Basi.

Anayetumia maziwa ya kopo hufunga choo kwa urahisi zaidi. Fuata kipimo cha kwenye kopo. Kuzidisha unga ili ashibe ndiko kunakomkausha. Akishaanza kula, miezi 6, papai lililoiva na maji kidogo husaidia sana.

Ila kichanga wa wiki za mwanzo ni habari nyingine. Choo kikiwa haba na mkojo haba, huenda hapati maziwa ya kutosha, mpeleke akapimwe uzito. Kile choo cheusi cha kwanza kisipotoka ndani ya saa 48, rudi hospitali. Vivyo hivyo kwa mtoto yeyote mchanga akitapika kijani, tumbo likivimba na kukaza, choo kikiwa na damu, akiwa na homa au akikataa ziwa. Hapo usikande, usipake mafuta, usingoje kupambazuke.