Hiyo "nisi" kwenye karatasi ya talaka maana yake nini

Dada pole, umeuliza mahakama ya London ilikupa dikrii nisi (amri ya kwanza ya talaka) 2021 na sasa unataka kuolewa tena, je ushaachika? Bado dada yangu! Nisi ni Kilatini, maana yake "isipokuwa", yaani ndoa itavunjika isipokuwa mtu alete sababu ya kuzuia, ndo maana wanakupa wiki 6 na siku 1 kwanza halafu wewe mwenyewe unaomba dikrii ya mwisho. Ukiolewa kabla hujaipata ndoa mpya ni batili, tafadhali usithubutu. Na kwa vile miezi 12 ishapita tangu upewe nisi, itabidi uieleze mahakama kwa nini umechelewa. Kesi zilizofunguliwa kuanzia 6 Aprili 2022 neno nisi halitumiki tena, wanaita amri ya masharti.