Tabo haicheleweshwi na mtu

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi magari hapa Msamvu, Morogoro. Wateja wangu wengi ni vijana wa Subaru, wanataka niwafungie eya klina (chujio la hewa) ya wazi na bomba fupi la hewa ili gari isisinzie ukikanyaga mafuta. Nataka kuchora bango la gereji. Nimeandika: 'Tunafanya uboreshaji wa uvutaji hewa na uondoaji wa ucheleweshaji wa tabo.' Kijana wangu mmoja anabisha, anasema iwe 'uchelewaji'. Nani yuko sahihi?"

JIBU: Marahaba, fundi. Kijana wako kakuzidi kidogo, ila usimpandishe cheo bado, maana naye hajafika. Na hiyo "gari isisinzie" naipita nikitazama upande wa pili. Siku moja haitoshi vita viwili, na hiki cha leo nimekisubiri muda mrefu. Kwa msomaji asiye fundi: tabo ni kifaa kinachosukumia hewa ndani ya injini ili gari lipate nguvu, na ukikanyaga mafuta hupita muda kidogo kabla nguvu hizo hazijaja.

Ucheleweshaji. Kitenzi chake ni kuchelewesha, yaani kumfanya mwingine achelewe. Hapo lazima wawepo wawili, anayechelewesha na anayecheleweshwa. Mhasibu akikalia mishahara hadi tarehe 10, huo ni ucheleweshaji wa mishahara, Kiswahili safi kabisa, tena ni shtaka. Lakini siku hizi neno hili limegeuzwa koti la kumfichia mtu. Mkandarasi kachelewa, taarifa inasema "kumekuwa na ucheleweshaji wa mradi". Vuli imechelewa, mtangazaji anatusomea "ucheleweshaji wa mvua", nami nabaki kujiuliza huyo anayezichelewesha anakaa mtaa gani, tumpelekee barua.

Mwaka jana nilifika stendi saa kumi na moja alfajiri. Tiketi inasema basi linaondoka saa kumi na mbili kamili. Saa tatu na robo ndipo likaingia, tope mpaka kwenye vioo, na kijana wa ofisi akashika kipaza sauti: "Ndugu abiria, tunaomba radhi kwa ucheleweshaji uliojitokeza."

Uliojitokeza! Uyoga hujitokeza. Upele hujitokeza. Ucheleweshaji, kwa umbo lake lenyewe, unadai mtu aliyeufanya, halafu tunaambiwa umejitokeza. Yaani dereva, kondakta na fundi walikuwa wamekaa zao wanapiga soga, mara wakageuka, wakaukuta ucheleweshaji umeshasimama katikati yao, hawaujui ulikotoka. Na tunaombwa radhi na nani, ikiwa hakuna aliyefanya kitu? Mama mmoja jirani yangu, kuku wake wawili kwenye tenga, alimshinda mwenye kipaza sauti: "Si waseme tu wamechelewa." Maneno manne, na basi zima likaeleweka.

Asili ya neno nisiikalie sana. Kuchelewa kunatokana na kucha, kule kwa kumekucha. Aliyechelewa ni aliyekutwa na mapambazuko kabla hajafanya lake, na umbo lenyewe ni la kutendwa. Juu ya kutendwa huko tukapachika -esha, kama tulivyofanya kutoka kuelea kwenda kuelewa hadi kuelewesha. Kuna watakaokunja uso. Mimi sikunji, watu wamezoea, basi.

Sasa tufungue boneti. Tabo ni feni mbili ndogo kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini kuelekea ekzosi huzungusha ya kwanza, na hiyo huizungusha ya pili, ambayo husukumia hewa ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Jina ni la Kilatini: turbo ni kimbunga, tena ni ile pia ya watoto inayozungushwa kwa kamba. Ningependa sana tuiite pia, lakini mtu akikwambia "gari langu lina pia", utabaki unamsubiri amalizie sentensi.

Kusubiri huko ndiko unakoniuliza. Mpwa wangu alinipandisha mlima wa Kitonga na Subaru Forester yake. Tulikuwa nyuma ya lori la mbao, njia ikafunguka, akakanyaga mafuta hadi mwisho. Kimya. Nikahesabu moja, nikakaribia mbili. Chini ya boneti ukaanza mluzi mwembamba, mshale wa kipimo cha upepo wa tabo ukatetemeka, ukavuka sifuri, kisha kiti kikanipiga mgongoni. (Kama pale palifaa kupita lori, hilo tuwaachie trafiki.) "Subiri tabo iingie, mjomba," alikuwa ameshaniambia. Iingie! Hakuna kamusi iliyomfundisha hilo, na siwezi kulisahihisha.

Katika sekunde hiyo moja na ushee, nani aliyeichelewesha tabo? Mguu ulipokuwa umeachia mafuta, moshi ulikuwa haba na feni zilikuwa zinajikongoja. Ukikanyaga, injini inabidi kwanza ichome mafuta mengi zaidi, moshi uongezeke, uzivurumishe feni hadi zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, hewa ijaze mabomba na intakula (rejeta ndogo ya kupoza hewa iliyokwisha kushindiliwa), ndipo mgongo wako upate habari. Hakuna aliyezuia kitu. Kwa hiyo ucheleweshaji umeanguka.

Na uchelewaji wa kijana wako? Sarufi yake haina kosa, lakini mtu huchelewa palipo na saa ya miadi. Basi lilikuwa na tiketi, tabo haina. Lugha yetu ina kitenzi kingine, tumekiacha kwa mabibi na methali: kukawia. Anayekawia anachukua muda njiani, lakini yuko njiani na atafika. Kawia ufike, wamesema. Tabo hukawia. Waliolipanda Porsche 911 Turbo, lililotoka mwaka 1975, walikuta nguvu zinaingia katikati ya kona, wakati wenyewe wameshasahau kuwa waliziita. Huko ndiko kukawia kwa tabo, na sioni haja ya neno jingine. Ila kama umetia gea ya tano na injini inazunguka mara 1,200 kwa dakika, hapo usiseme imekawia, kwa sababu haijaanza safari. Moshi huo hautoshi kuzungusha chochote. Shusha gea.

Turudi kwenye bango. Uboreshaji, uvutaji, uondoaji, ucheleweshaji: nomino nne zimepanga foleni kama watu wa kipimo cha malaria, na kitenzi pekee ni "tunafanya", ambacho hakifanyi kitu. Fundi mzima, mikono imejaa grisi, unaandika kama kumbukumbu za kikao! Wewe unafunga, unafungua, unabadilisha, unasafisha. Andika hivyo.

Halafu "uvutaji hewa". Injini isiyo na tabo ndiyo inayojivutia hewa yenyewe. Yenye tabo hushindiliwa, kama gobore linavyoshindiliwa baruti. Nimeona watu wakihangaika kutafuta istilahi ya injini za namna hii, na kushindilia kuko hapo tangu enzi za babu zetu.

Na "uondoaji" ndio unaoniogopesha kuliko yote, maana hapo kosa limetoka kwenye lugha likaingia kwenye biashara. Kukawia kwa tabo kunatokana zaidi na ukubwa wa feni na wingi wa mabomba ya kujazwa. Ukimfungia kijana tabo kubwa na intakula kubwa ili apate nguvu nyingi, huenda ikakawia kuliko mwanzo. Eya klina ya wazi itampa mluzi mtamu, na yeye atauhesabu mluzi huo kuwa mwendo. Tena ukiiacha wazi ndani ya boneti bila kuikinga, itavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Ukibadilisha na upana wa bomba penye sensa ya hewa, kompyuta ya gari inapewa hesabu za uongo na mafuta yanapungua mahali yasipotakiwa kupungua. Lile tundu la juu ya boneti la Subaru za tabo nalo, ambalo vijana huapa kuwa ndiyo pua ya injini, kazi yake ni kupeleka upepo kwenye intakula. Injini haivuti pumzi kupitia hapo. Hayo unayajua kuliko mimi, lakini bango lako linajifanya halijui.

Nikuandikie mimi, bure, ukija Dar utanitazamia breki: "Tunatengeneza njia ya hewa. Tabo yako haitakawia sana." Hilo "sana" usilifute, hata mteja akilalamika kwamba linapunguza utamu.