Mama aliyechoka na Pepo iliyo chini ya nyayo zake

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka mitano, mdogo miezi saba na bado ananyonya. Usiku silali, mchana hata kuoga naoga haraka haraka. Juzi nilimwomba mume wangu akae nao kidogo ili nilale, kisha nikasukwe nywele. Mama mkwe akasema huo ni uzungu. Darsani waliambiwa mama anayelalamika kuchoka anafuta thawabu zake, kwani Pepo iko chini ya nyayo za mama, na haipatikani kwa kulala. Siku hizi nikiosha vyombo machozi hunitoka tu. Je, ninapata dhambi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Binti yangu, swali lako nilimsomea mke wangu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwambie alale kwanza."

Dhambi huna. Kumwachia baba wanawe si kuwatupa.

Hayo ya darsani ndiyo yaliyonikera. Amepokea Imam Nasai, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi, kwamba sahaba Jahima alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka kwenda vitani. Akaulizwa kama ana mama. Aliposema ndiyo, akaambiwa ashikamane naye, kwani Pepo iko chini ya miguu yake. Hapo anayesemeshwa ni nani? Ni mwana! Yeye ndiye aliyetumwa akaitafute Pepo kwa kumhudumia mamake. Leo maneno hayo hayo yamegeuzwa bakora ya kumchapia mama mwenyewe.

Najua watakuja na Bibi Fatma, binti wa Mtume. Ni kweli, jiwe la kusagia lilimuumiza mikono, akaenda kwa babake kuomba mtumishi, na hakupewa. Alifundishwa aseme wakati wa kulala Subhanallah mara 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34. Wahadhiri wetu huishia hapo. Hawasemi kwamba Mtume hakumkemea hata kwa neno moja. Alipopata habari kwa mkewe Bibi Aisha, aliwaendea usiku wakiwa wameshalala, akaketi baina yao mpaka Ali, mume wa Fatma, akahisi ubaridi wa nyayo zake. Na hiyo dhikri waliambiwa wote wawili, mke na mume. Kiarabu chake ni cha watu wawili. Waume wangapi huileta kabla ya kulala?

Na uzungu uko wapi? Bibi zetu wa Pwani walimweka mzazi arobaini nzima, akikandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, mtoto akipokezanwa na mashangazi. Leo mashangazi kila mmoja yuko kwake, na kazi yao yote kaachiwa mtu mmoja.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kupika na kufua si wajibu wa mke. Imam Nawawi, akieleza jinsi Bibi Asma bint Abubakar alivyomtunzia mumewe Zubeir farasi wake, anasema hiyo ni hisani ya mke. Wako wanazuoni waliosema ni wajibu kwa mujibu wa desturi, na sikwambii uache kupika kesho. Nataka mumeo ajue tu kwamba anachopokea kila siku ni hisani. Qur'ani nayo, katika aya ya kunyonyesha (2:233), inakataza mama kutiwa dhara kwa sababu ya mwanawe.

Mama mkwe usimjibu. Mheshimu, na haya mwache mwanawe amweleze.

Lakini machozi hayo yamenishughulisha kuliko hukumu yenyewe. Huzuni inayomkaa mama baada ya kujifungua ni maradhi yanayojulikana na yana tiba. Si upungufu wa imani, wala usikubali kuambiwa una jini kabla hujaonwa na daktari. Wiki hii nenda kliniki, mweleze muuguzi kama ulivyonieleza mimi, usione haya. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje wiki; nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Sala zako ziwe za sura fupi. Mtume alikuwa akikusudia kuirefusha sala, akisikia mtoto analia huifupisha kwa kumwonea huruma mamake. Sunna zikikushinda kwa sasa, shika faradhi zako kwa wakati wake.

Sasa mpe mumeo simu asome. Bwana, Bibi Aisha aliulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, akasema alikuwa akiwahudumia ahli zake mpaka wakati wa sala, ndipo akatoka. Muda aliokuomba mkeo ni mdogo. Kila siku ukirudi kazini wachukue hao wakubwa wawili mpaka Isha, na yule mdogo umchukue akishanyonya. Akilia, mbebe. Mtume alisalisha watu na mjukuu wake Umama begani. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena.

Wallahu a'lam.